Yale matobo mawili kwenye picha ya nyonga sio soketi: jibu kwa dada wa Kimara

Swali limetoka kwa dada mmoja anaishi Kimara, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 24, anaendesha boda, wiki iliyopita aligongana na kirikuu, goti likapiga kwenye bampa. Alipigwa eksirei ya nyonga, dokta wa kwanza akasema hamna kitu, apumzike tu. Wa pili kaangalia picha ileile akasema anahisi kuna kipande kimevunjika kwenye kikombe cha nyonga ya kulia, anataka picha nyingine mbili za kuinuliwa ubavu na ikibidi siti skani. Picha ninayo, nimeiweka dirishani naiangalia, yale matobo mawili makubwa chini nayaona mazima kabisa. Sasa shida iko wapi? Na picha za nini tena wakati tumeshalipia ya kwanza, na hiyo mionzi haitamdhuru?"

Marahaba mdogo wangu, poleni sana na mpe kaka pole zangu. Umefanya la maana kuishika picha mwenyewe ukaiangalia, watu wengi wanapewa bahasha wanaitupa juu ya kabati basi.

Nianze na matobo manake naona ndo yamekupoteza. Yale mawili yanayokutazama kama macho pale chini sio soketi. Yanaitwa matundu ya obturata, na kwa mtu aliye hai hata sio matobo wazi, yamezibwa na utando mgumu na misuli, kumebaki upenyo mdogo tu kwa juu ambapo mishipa ya damu na neva inapita kwenda pajani. Eksirei haiuoni ule utando ndo maana unaona peusi kama patupu. Karibu kila anayeshika picha ya nyonga mara ya kwanza macho yanakimbilia hapo, nimewaona wanafunzi wengi tu wakifanya hivyohivyo. Soketi yenyewe iko juu ya tobo na kwa nje, pale ambapo kichwa cha mfupa wa paja, kile cha mviringo kama mpira, kimejichomeka. Lakini usiyasahau hayo matobo, tutayahitaji baadae.

Sasa soketi ni nini hasa. Waroma waliiita asetabulamu, maana yake kibakuli cha siki cha mezani. Mimi nikifundisha huwa nasema chukua kile kikombe cha kahawa ya mtaani kisicho na mkono, kilaze ubavu mdomo uangalie nje, afu ukigeuze kiangalie chini kidogo na mbele kidogo, kama digrii 15 mpaka 20 hivi kuelekea mbele. Upana wa mdomo kwa mtu mzima ni kama sentimita 5. Hiyo ya kuangalia mbele muishike sana kwasababu maana yake ni kwamba ukuta wa nyuma wa kikombe umetoka nje zaidi kuliko ukuta wa mbele, wa nyuma ndo unaozuia kichwa kisichomoke ukikaa au ukichuchumaa.

Na hicho kikombe hakijachongwa kwenye mfupa mmoja. Ni mifupa mitatu imekutana. Iliamu ni ule mpana wa juu unaoshika mkanda wa suruali, iskiamu ni wa chini nyuma, ule unaoukalia, na pubisi ni wa mbele kwenye kinena. Iliamu na iskiamu kila mmoja unachangia kama sehemu mbili kati ya tano, pubisi sehemu moja iliyobaki. Kwa mtoto ukiangalia picha utakuta katikati ya soketi kuna mstari mweusi, pale mifupa mitatu inapokutana kwa gegedu (ule mfupa laini) lenye umbo la herufi Y, na wazazi wengi wanashtuka wakidhani mtoto kavunjika kumbe ndo ukuaji wenyewe. Unafunga miaka ya balehe, wasichana wanatangulia, wavulana wanafuata. Kaka yako ana 24, kwake huo mstari ulishafunga zamani, kwahiyo mtu akiona ufa kwenye soketi yake hawezi kusema ni wa utoto.

Ndani ya kikombe napo sio kote kunagusana na kichwa cha paja. Sehemu inayobeba mzigo ina umbo la mwezi mwandamo, pembe zake mbili zinaangalia chini, imefunikwa gegedu laini linaloteleza. Katikati pale kwenye sakafu kuna kishimo hakina gegedu, kina mafuta na ukano mfupi unaoshika kichwa cha paja. Pembeni mwa mdomo wa kikombe kuna pete ya gegedu gumu inaitwa labramu, inaongeza kina na inakamata kichwa kisitoke kirahisi. Haya yote, gegedu, mafuta, ukano, labramu, kwenye eksirei ya kawaida hauoni hata kimoja. Ule mwezi mwembamba mweusi unaouona kati ya kichwa na soketi sio hewa wala sio pengo, ndo nafasi ya lile gegedu lisiloonekana, la kichwa na la soketi yamelaliana, kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 3 mpaka 5. Linalopungua hapo ndo mtu anaambiwa nyonga imesagika.

Kitu cha mwisho cha mwili kabla hatujarudi kwenye picha. Soketi imeshikwa na nguzo mbili. Chukua panda ya manati uipindue, miguu miwili iangalie chini, soketi imekaa kule kwenye makutano. Mguu mmoja ni nguzo ya mbele, unashuka kutoka iliamu mpaka kinena. Mwingine ni nguzo ya nyuma, mfupi zaidi lakini mnene, unashuka mpaka mfupa wa kukalia. Afu kila nguzo ina ukuta wake unaotokeza kukumbatia kichwa, ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Watu wa mifupa wanaposema "kikombe kimevunjika" swali lao la kwanza ni kipi, nguzo au ukuta, na ya mbele au ya nyuma, kwasababu matibabu yanatofautiana mbali sana.

Sasa picha. Umewahi kuona khanga mbili zimeanikwa kamba mbili, moja mbele ya nyingine, jua la asubuhi likapiga kwa nyuma? Wewe uliye mbele unaona maua ya zote mbili yamelaliana, huwezi kusema hili ua la khanga gani mpaka uufuate mpindo wake. Eksirei ndo hivyohivyo, tangu Röntgen aigundue 1895 kanuni haijabadilika, mionzi inapita mwili mzima na vyote vilivyo njiani vinaacha kivuli kwenye karatasi moja. Ukuta wa mbele wa soketi, kichwa cha paja, ukuta wa nyuma, vyote vimebandikwa pamoja. Kwahiyo ukitafuta kikombe hutokiona kamwe. Unachotakiwa kufuata ni mistari.

Mistari yenyewe ipo sita, ilipangwa na madaktari Wafaransa Robert na Jean Judet pamoja na Emile Letournel, kazi yao ilitoka 1964 na mpaka leo ndo tunayoifuata. Kaa na picha yako dirishani nikuelekeze, ila kabla hujafuata mstari wowote hakikisha kwanza picha imepigwa sawa, na hapo ndo yale matobo yanarudi. Yakiwa na ukubwa sawa kulia na kushoto, na ncha ya kifandugu imesimama juu ya pale mifupa ya kinena inapokutana, basi mgonjwa alilala sawa. Tobo moja likiwa jembamba na lingine pana, mgonjwa alikuwa amepinda, na kila nitakachokwambia kulinganisha kulia na kushoto kitakudanganya.

Mstari wa kwanza unaanzia ndani kule juu, unateremka kwa mpindo mrefu mzuri mpaka kinena, kama ukingo wa beseni. Huo ndo nguzo ya mbele. Wa pili unaanza karibu na hapohapo ila wenyewe unashuka wima kwenda mfupa wa kukalia, huo ni nguzo ya nyuma. Mmoja wapo ukikatika au ukiwa na kangazi, yaani umeruka kidogo hauendelei ulipotoka, nguzo hiyo ina shida.

Wa tatu ni chozi. Karibu na sakafu ya soketi, juu kidogo ya tobo, utaona kivuli chembamba chenye umbo la tone la chozi. Nakipenda sana hiki kivuli, kwasababu kwenye mfupa mkavu ukiushika mkononi hakipo! Hakuna kiungo kinaitwa chozi. Upande wake wa nje ni sakafu ya kile kishimo cha katikati, upande wa ndani ni ukuta wa fupanyonga unaotazama tumboni, chini vimeunganishwa na mpindo wa mfupa, na kamera ikiviangalia kwa mbele vinaungana vinakuwa chozi. Lakini kwa kutokuwepo kwake kote, ni shahidi mzuri. Pima umbali kutoka chozi mpaka kichwa cha paja pande zote mbili, upande mmoja ukiwa umeachana zaidi maana yake kichwa kimesukumwa nje, kuna damu au maji ndani ya kiungo, au kipande cha mfupa kimeingia katikati.

Wa nne ni paa la soketi, mstari mweupe mzito uliokaa juu ya kichwa kama unyusi, na Wafaransa wanauita hivyohivyo kwa lugha yao. Ni mweupe kwasababu mfupa unanenepa pale unapoelemewa, na hapa panaelemewa kwelikweli, ukisimama mguu mmoja tu nyonga inabeba kama mara mbili na nusu mpaka tatu ya uzito wako wote. Ndo maana ufa wa kwenye paa unaopishana zaidi ya milimita 2 madaktari wa mifupa hawauchukulii poa, wakati ufa wa sehemu isiyobeba mzigo wanaweza kuuacha ujiunge wenyewe.

Mistari miwili ya mwisho ndo ya kaka yako. Ni ukingo wa ukuta wa mbele na ukingo wa ukuta wa nyuma, na yote miwili inapita JUU ya kivuli cha kichwa cha paja, ndo maana ni migumu kuiona. Yote inaanzia kwenye kona ya nje ya paa, afu inaachana. Wa mbele unakata kichwa kwa kulala kwenda ndani, wa nyuma unashuka wima zaidi na uko nje zaidi, kawaida unapita kwenye katikati ya kichwa au nje yake kidogo. Kwa mtu wa kawaida haikatizani. Ikikatizana kama herufi X soketi inaangalia nyuma kuliko inavyotakiwa, au picha ilipigwa mgonjwa kapinda, tunarudi kulekule.

Haya, sasa unganisha na ajali. Kwenye pikipiki mtu amekaa, nyonga imekunjwa, goti liko mbele. Goti likipiga bampa nguvu yote inapita kwenye mfupa wa paja kama mchi, inaenda kugonga kinu kwa nyuma. Kinachopokea ni ukuta wa nyuma wa soketi. Wakati mwingine kichwa kinachomoka kabisa kwenda nyuma, mguu unakuwa mfupi na goti linageukia ndani, na hiyo ni dharura ya kurudishwa ndani ya masaa machache, inapaswa isizidi 6, kwasababu kichwa kikikaa nje damu yake inakatika na mfupa unakufa taratibu. Wakati mwingine kinatoka kinarudi chenyewe palepale barabarani na hakuna aliyeona, kinachobaki ni kipande cha ukuta kilichobanduka. Na kipande hicho kiko nyuma ya kichwa cha paja. Kwenye picha ya kupigwa kwa mbele kimefichwa na kivuli cha kichwa chote. Kwahiyo dokta wa kwanza simlaumu na wewe usimlaumu, ameangalia khanga ya mbele akaona maua yake mazima. Wa pili aliposikia goti limepiga bampa akajua pa kutazama, huyo msikilizeni.

Sasa kwanini picha za kuinuliwa ubavu. Tunamgeuza mgonjwa digrii 45 ili zile khanga zisilaliane tena. Kwa nyonga ya kulia ya kaka yako, picha moja atainuliwa upande wa kulia awekewe mto, hapo tobo la obturata la kulia linafunguka linakuwa duara pana kabisa, na ukingo wa ukuta wa nyuma unatoka kwenye kivuli cha kichwa unakaa wazi pembeni. Nguzo ya mbele nayo inaonekana vizuri hapo. Picha nyingine atainuliwa kushoto, hapo tobo la kulia linajifunga linakuwa kama mstari, lile bawa pana la iliamu linatandazika, na unaona nguzo ya nyuma na ukuta wa mbele. Kwahiyo ile ya kwanza mliyolipia haijapotea, hizi mbili zinajibu maswali ambayo ile kwa umbo lake isingeweza kuyajibu hata ingepigwa na mashine mpya kabisa.

Siti skani inaenda mbali zaidi, inakata nyonga vipande vyembamba kama mkate, hakuna kulaliana. Inaonesha kipande ni kikubwa kiasi gani, kimesogea kiasi gani, na kama kuna chembe ya mfupa imenasa ndani ya kiungo, hiyo ikiachwa inasaga gegedu kama mchanga kwenye beringi. Ningekuwa na kaka yangu mwenye historia hii na maumivu bado yapo baada ya wiki, na pesa ya kipimo kimoja tu, ningeiweka kwenye siti skani. Muulizeni dokta wenu wa pili hilo swali wazi, huenda mkaokoa gharama ya zile mbili.

Mionzi: picha moja ya nyonga ni chini ya milisiveti 1, na binadamu kwa wastani anapokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kupimwa chochote. Siti skani ni mara kadhaa ya eksirei, sio kitu cha kupiga kila wiki, ila kwa kijana wa miaka 24 ambaye huenda ukuta wa nyonga umevunjika, hatari ya kutokujua ni kubwa kuliko ya mionzi. Hapo sina wasiwasi hata kidogo.

Wengine wanaosoma wana maswali yao nayajua. Wenye seli mundu, ugonjwa wenu kawaida unaanza kwenye kichwa cha paja sio kwenye soketi, soketi inaharibika mwishoni kabisa kichwa kikishabonyea, kwahiyo ripoti ikisema soketi nzima msijipe moyo mapema, ulizeni habari za kichwa. Na kina mama wa vichanga, chini ya miezi minne hivi kichwa cha paja bado ni gegedu tupu na hakionekani kwenye eksirei, mtoto huyo anapimwa kwa ultrasaundi. Mbebeni kwa mbeleko mapaja yamepanuka kama bibi zetu walivyofanya, ule mkao unakikandamiza kichwa kwenye kikombe na kikombe kinakua na kina kizuri. Kumfunga miguu imenyooka na kubanwa pamoja ndo kunakoharibu.

Turudi kwa kaka. Mpaka vipimo vikamilike asikanyagie mguu wa kulia, atumie magongo. Asikae kwenye kigoda wala kochi la kuzama, na choo cha kuchuchumaa asitumie kabisa, mtafutieni kiti cha juu, manake kukunja nyonga namna ile kunakisukuma kichwa nyuma moja kwa moja kwenye ule ukuta tunaoushuku. Asipelekwe kukandwa wala kuvutwa mguu, hata kama jirani anamjua fundi mzuri kiasi gani. Mwambie ainue kidole gumba cha mguu na kanyagio juu, akishindwa au akihisi ganzi upande wa juu wa mguu, sio kwenye unyayo, ile neva kubwa ya siatiki inapita nyuma ya soketi palepale na huenda imeguswa, hapo hamsubiri miadi, mnaenda leoleo, Muhimbili pale MOI, ile taasisi ya mifupa, wana watu wa kazi hiyo. Na msiache siku zipite, mvunjiko wa soketi unapangwa vizuri ndani ya wiki mbili za mwanzo, ikipita ya tatu mfupa umeshaanza kushikana ulivyokaa na upasuaji unakuwa mgumu mara nyingi. Wiki moja mmeshaitumia.

Picha ya kwanza usiiache nyumbani, nenda nayo, tunalinganisha. Na zile mpya zikitoka ziweke dirishani kama ulivyofanya, chukua ile ambayo tobo la kulia limefunguka kama duara, panda na macho mpaka kwenye kichwa cha paja, afu fuata ukingo wa nje wa soketi kutoka kwenye unyusi kushuka. Ukifika mahali umekatika na kuna kipande kimekaa pembeni peke yake, hicho ndicho dokta wa pili alichokuwa anakitafuta.